Ndege Isiyopiga Kelele Juu ya Endarasha

Moffat Kingori aliachishwa kazi jeshini mwaka 1971 kwa kosa alilojishtaki mwenyewe. Nalitanguliza hilo kwa sababu pale Endarasha, nilikofundisha shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa, watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema aliangusha ndege ya serikali. Wengine walisema ni pombe. Mlevi hakuwa. Tulikaa benchi moja kanisani, na harufu hiyo ningeijua. Haya ninayoandika niliyasikia kutoka kinywani mwake na kwa dada yake Ngendo, na ya mwisho niliyaona mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1943 upande wa Ihururu, chini ya msitu wa Nyandarua. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu mtoto huyo hupewa jina la baba wa mama yake. Kwa hiyo Warigia, mama yake, hakumwita Kingori hata siku moja. Alimwita baba. Hata alipokuwa akimchapa kwa kuachilia mbuzi wakaingia kwenye viazi, alisema, "Baba, leo utanijua."

Alikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja Hali ya Hatari ilipopamba moto. Watu wa Ihururu walikuwa wameondolewa mashambani kwao na kurundikwa katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote, na wanawake ndio walioamrishwa kulichimba handaki hilo. Ndege zilipita juu ya vichwa vyao kwenda kuangusha mabomu msituni walikojificha wapiganaji. Siku moja bomu lilianguka nje ya msitu, likaua ng'ombe na mzee aliyekuwa akiwachunga. Tangu siku hiyo, muungurumo uliposikika, wanawake waliacha majembe, wakajitupa ndani ya handaki kifudifudi na kufunika vichwa kwa mikono. Warigia alikuwa mwepesi kuliko wote. Alimvuta Kingori kwa shati na kumlalia.

"Nililala, Mwalimu," aliniambia miaka mingi baadaye, "lakini niligeuza shingo chini ya kwapa lake nikatazama. Niliziogopa na nilizipenda. Mpaka leo sijui mtoto wa aina gani hupenda kitu kinachomlaza mama yake kwenye matope."

Baba yake alirudi kutoka kizuizini Manyani na ugonjwa wa kifua, hakumaliza mwaka. Baada ya Uhuru, Warigia alipewa shamba katika skimu ya makazi ya Endarasha, mahali penye upepo, baridi na anga pana. Akapanda pareto na viazi, akafuga ng'ombe watatu. Mwaka 1965 Kingori, akiwa ametoka sekondari, alijiandikisha katika jeshi la anga lililokuwa changa kama nchi yenyewe. Miaka miwili baadaye alipata mabawa yake ya urubani ya kushona kifuani, akaja nyumbani kuyaonyesha.

Warigia aliyagusa kwa kidole. "Na hiyo ndege yako hupita wapi?"

"Mara nyingine hapa hapa juu, Maitu. Tukitoka Nanyuki." Maitu ndivyo tunavyomwita mama.

"Unapita nyumbani bila kusalimu? Hiyo ni tabia gani, baba? Ukipita, nisalimie."

Alilisema jambo hilo kama mtu anayemwambia mtoto anayekwenda sokoni asipite lango la shangazi yake kimya kimya. Kwetu, kupita nyumbani kwa mzazi bila kusalimu ni karibu na tusi. Kingori alilibeba neno hilo miaka minne, akipita juu sana, akiona bati la nyumba yao likimetameta kama sarafu iliyoangushwa kwenye nyasi.

Januari 1971 aliandika barua. Alhamisi ya wiki ile angetoka Nanyuki kwenda Nairobi na vipuri. Mama atoke nje saa nne asubuhi, ainue kitambaa cheupe, naye atashuka amsalimie. Barua aliiposti mapema, akaamini hilo linatosha. Alisahau kwamba barua za Endarasha zilipitia sanduku la posta la Nyeri, na kwamba mtu alikwenda kuzichukua siku alipokuwa na safari nyingine ya kumpeleka mjini.

Aliyeketi kando yake siku hiyo alikuwa Oloo, rubani mwenzake kutoka Siaya, mtu wa mzaha.

"Oloo, nataka kusalimia mama yangu."

"Salimia na redio."

"Hana redio."

"Basi salimia haraka. Na usiue kuku, watakukata mshahara."

Kingori alishuka mpaka usawa wa mikalitusi. Kanuni ilikataza kuruka chini ya futi elfu moja juu ya nyumba za watu, naye aliijua kanuni hiyo kama Baba Yetu. Aliona bati, akaona vitanda vya kukaushia pareto, akaona ng'ombe wakikimbia na mikia juu. Kitambaa hakukiona. Aligeuka, akapita mara ya pili, chini zaidi.

"Hayuko," Oloo alisema. "Mama yangu pia hakai nyumbani. Twende, bwana."

Warigia alikuwako. Muungurumo wa kwanza ulimkuta kwenye pareto. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita, lakini mwili wake haukuhesabu miaka. Alikimbia, akajitupa kwenye mtaro wa maji kando ya ua, kifudifudi, mikono kichwani. Mtaro wa Endarasha haukuwa handaki la Ihururu. Ulikuwa na mawe chini. Mkono wake wa kulia ulivunjika juu ya kiwiko. Ndege iliporudi mara ya pili hakuweza kuuinua mkono ule afunike kichwa, na Ngendo, aliyekuwa jikoni, alimsikia akilia jina la mumewe aliyekufa.

Jumamosi Ngendo alikwenda Nyeri kutafuta dawa, akapitia posta. Aliisoma barua ya kaka yake akiwa amesimama barabarani. Aliikunja, akanunua karatasi na bahasha palepale na kumwandikia: "Barua yako imefika leo. Mama alijitupa mtaroni, amevunjika mkono. Anasema ni ndege ya serikali. Sijamwambia ni ya nani."

Oloo aliposomewa maneno hayo alivua kofia yake. Kisha akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Tuma pesa ya hospitali na unyamaze. Nani ameshtaki? Hata ng'ombe hawajashtaki."

Watu wengi wangemsikia Oloo. Siku hizi mtu hukiri akishakamatwa, na hata hapo hukiri nusu. Kingori alivaa sare yake, akaenda kwa mkubwa wake, akaeleza siku, saa na urefu wa ndege kutoka ardhini. Alisema amri ilikuwa yake na Oloo hakuwa na sehemu.

Mkubwa alitazama meza yake. "Hakuna mtu amelalamika, Luteni. Kwa nini unaniletea mambo haya?"

"Nimelalamika mimi, afande."

Uchunguzi ulichukua wiki sita. Aliondolewa bila kufungwa na bila heshima, na leseni yake ikaenda na sare. Alikuwa na miaka ishirini na minane.

Akaja nyumbani na sanduku la mbao. Mkono wa mama yake ulikuwa umeunga vibaya, haukunyooka tena. Aliketi mbele yake na kusema, "Maitu, ile ndege ilikuwa yangu. Nilikuja kukusalimia."

Ngendo anasema Warigia alimwangalia muda mrefu, kama anayepima kitambaa.

"Mbona hukuniita?"

"Ndege ina kelele, Maitu. Usingesikia."

"Sasa wewe umewahi kuona wapi mtu anasalimia mama yake kwa kelele?" Alijifunga leso kichwani kwa mkono mmoja. "Ukitaka nikutazame, uje na inayonyamaza."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema mama aliyechoka, akarudi kwa ng'ombe wake. Lakini Kingori aliona kwamba muungurumo wowote wa angani, hata ule wa mbali wa ndege za abiria, ulimfanya mama yake ainamishe kichwa na kuangalia chini mpaka upite. Katika maisha yake yote Warigia hakuwahi kuinua uso kutazama ndege. Mwanawe alikuwa ameruka miaka minne, na mama yake hakuwa amemwona hata mara moja.

Alipata kazi ya kuendesha trekta kwenye shamba kubwa la ngano karibu na Mweiga. Akaoa Wacera, mwalimu wa nasari, wakapata watoto watatu. Alikuwa mume mwema. Ila Wacera aliniambia kwamba ndege ikipita wakati wanakula, kijiko chake kilisimama njiani, na chakula kikapoa pale, na watoto wakajifunza kungoja. Shambani alizima trekta ili asikilize. Msimamizi alimkaripia mara mbili kwa kupoteza wakati.

Mwaka 1974, akiwa analima, kivuli kilipita juu ya boneti ya trekta. Akatazama juu. Ilikuwa ndege nyeupe, nyembamba, mabawa marefu kupita kiasi, na haikuwa na sauti yoyote. Alizima trekta kwa mazoea, akasikia chiriku kwenye ua.

Mwenye shamba, Mwingereza mzee aliyebaki nchini, alikuwa na glaida mbili na uwanja wa nyasi nyuma ya ghala. Glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa kwa waya na winchi mpaka ipande futi elfu moja na kidogo, kisha huachia waya na kutafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, nayo huzunguka ndani ya hewa hiyo kama mwewe. Ikikosa hewa, hurudi chini, basi. Kingori alisimama ukingoni mwa uwanja ule Jumamosi nne mfululizo kabla ya kusema alikuwa nani zamani. Mzee yule alimsikiliza kisa chote, pamoja na mkono wa mama, akasema atamfundisha ikiwa atafanya kazi ya uwanja bila malipo mwishoni mwa juma.

Winchi iliendeshwa na Mbuvi, fundi kutoka Kitui, ambaye alikuwa ameitengeneza kwa injini ya lori kuukuu. Mara ya kwanza Kingori alipoketi ndani ya glaida, mkono wake wa kushoto ulipapasa mahali pa kuongezea moto, pasipokuwa na kitu.

"Unatafuta nini hapo, Kapteni?" Mbuvi aliuliza, akiwa ameshika ncha ya bawa. Alimpandisha cheo siku ya kwanza na hakumshusha tena.

"Mazoea tu."

"Engine yako iko na mimi huku chini. Ukinikasirisha, nazima."

Ilimchukua karibu miaka miwili na nusu. Leseni ya glaida ilihitaji karatasi kutoka Nairobi, na karatasi zake zilikuwa na doa. Maofisa walimrudisha mara tatu. Mara zote tatu alijaza fomu upya, na mahali palipouliza kwa nini aliacha jeshi aliandika ukweli uleule kwa maneno yaleyale.

Na sasa alikuwa na haraka, kwa sababu nyingine. Macho ya Warigia yalianza kufifia. Daktari wa Nyeri alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi. Hakuwa akiona ukungu kama wazee wengine. Alikuwa akiona vizuri katikati, lakini kando kulikuwa kunafunga kidogo kidogo.

"Ni kama kuchungulia ndani ya bomba," aliniambia siku moja nilipompelekea kamba ya ng'ombe. "Nakuona pua, Mwalimu. Masikio yako siyajui yalipo."

Kingori aliyahesabu macho hayo kama mwingine anavyohesabu mvua. Kila alipokuja, aliinua vidole kando ya uso wa mama yake na kuuliza vingapi. Siku moja alimwomba uzi wa sufi, mwekundu, kutoka kwenye sweta aliyokuwa akifuma kwa kupapasa. Rubani wa glaida hubandika kipande cha uzi kwenye kioo mbele yake. Ukilala sawa, ndege inaenda sawa.

"Uzi tu?" Warigia aliuliza. "Serikali ilikupa saa za vipimo ngapi mle ndani, na sasa unaongozwa na uzi?"

"Uzi wako, Maitu."

Alikata mrefu kuliko uliohitajika.

Mwanzoni mwa 1977 aliruhusiwa kuruka peke yake na kutoka nje ya uwanja. Endarasha haiko mbali na Mweiga, lakini mtu asiye na injini hupima safari kwa hewa. Kingori alijifunza ardhi upya. Shamba lililolimwa lilitoa hewa kuliko nyasi, bati la shule kuliko msitu. Na palipo na kisulisuli cha vumbi, hapo ndipo hewa inapopanda kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo alipogongana na wazee wetu. Kisulisuli kwetu huitwa ngoma cia aka, mizimu ya kike. Mtu mzima hakai katika njia yake. Watoto huitwa, mlango hufungwa. Na sasa watu wa tarafa yetu ya Kieni walikuwa wakiona ndege bubu ikivifuata visulisuli makusudi na kuzunguka juu yake.

Jirani yetu Kihara alimngoja asubuhi moja pale tunapopelekea maziwa. "Kingori, tumekuona jana juu ya ngoma. Tuambie basi, zimesema nini?"

"Zimesema umeongeza maji kwa maziwa."

Watu walicheka mpaka karani akafunika kalamu yake. Kihara alicheka mwisho, na si kwa muda mrefu.

Ijumaa moja ya Februari Kingori alikwenda kwa mama yake. "Kesho nitakuja, Maitu. Kwa ile inayonyamaza."

"Saa ngapi?"

"Siwezi kujua. Nangoja ardhi ishike moto. Kati ya saa sita na saa tisa, hewa ikikubali."

Warigia alifikiri. "Na nitajuaje umefika?"

Kwa miaka sita Kingori alikuwa ameutafuta ukimya ule kama zawadi, na hakuwa amefikiri hata mara moja kwamba kitu kisicho na sauti hakiwezi kumwita mtu.

"Basi nitasimama," mama yake akasema. "Nikisimama wakati wote, hutanipita."

Warigia aliniomba mimi niwepo, kwa sababu macho yangu yalikuwa mazuri na, alivyosema, kwa sababu sikuwa mtu wa kubembeleza. Saa sita kamili Warigia alitoka nje amevaa nguo ya kanisani na leso nyeupe. Alisimama kati ya ghala na ule mtaro, hatua tano kutoka mahali alipovunjikia. Ngendo alileta kigoda. Akakikataa.

Tulisimama saa mbili na dakika ishirini. Jua la Endarasha halina huruma mwezi ule. Mara mbili ndege ya kawaida ilipita mbali kuelekea kaskazini, na mara zote mbili niliona mabega yake yakipanda na mwili ukiinama. Hakulala. Alishika nguzo ya ghala, akangoja ipite, akainua uso tena.

Kisha kisulisuli kikainuka katika shamba la Kihara lililokuwa limelimwa juzi yake, kikaja moja kwa moja kwetu kikiwa na vumbi jekundu na majani ya mahindi.

"Mama, twende ndani," Ngendo alisema, na tayari alikuwa amemshika. "Ngoma hizo."

"Niache."

"Mama."

"Si ninyi mlioniambia ndizo zinambeba?"

Akabaki. Kilitupiga, tukafumba macho wote, mimi pia, na nilipoyafumbua, glaida ilikuwa juu yetu. Sijui ilikuwa imefika tangu lini. Ilikuwa juu sana, nyeupe, imelala ubavu, ikizunguka juu ya nguzo ileile ya hewa iliyokuwa imetujaza mchanga mdomoni.

"Amekuja," nilisema. "Kulia kwako. Juu zaidi. Zaidi."

Warigia aliipeleka shingo polepole, akitafuta kwa lile bomba lake. Alipofika nilipomwonyesha, glaida ilikuwa imeshageuka. "Kushoto sasa," nikasema. "Shuka kidogo. Hapana, imepita." Akarudi. Alikuwa ameinua mkono, ule uliounga vibaya, na kitambaa ndani yake, na mkono haukufika juu ya sikio. Glaida ilizunguka mara sita. Mara sita alifika mahali ambapo mwanawe alikuwa ametoka.

Ningeweza kusema, "Hapo hapo, sasa unaiona," naye kwa adabu angekubali. Sikusema. Kwa hilo sijawahi kujilaumu, ingawa nimelikumbuka mara nyingi.

Kuhusu yaliyotokea juu, nina maneno ya Kingori tu. Saa yake ya kupimia urefu ilionyesha futi elfu moja na mia mbili kutoka kwenye ua. Aliona kuwa kichwa cha mama yake kinageuka kila upande. Alijua kwamba akishuka hadi usawa wa mikalitusi, angejaza bomba lolote. Hakuna mtu angeshtuka, hakuna ng'ombe angekimbia. Hakuna mtu angeshtaki.

"Mkono ulisukuma fimbo ya usukani mbele," aliniambia. "Uzi ukatetemeka kwenye kioo. Nikaurudisha mkono."

Kanuni ya futi elfu moja haikuandikwa kwa ajili ya kelele peke yake, na mtu aliyeivunja mara moja kwa mapenzi anajua kwamba mapenzi si ruhusa. Alizunguka mara ya sita, akaanza kurudi Mweiga kabla hewa haijachoka.

Jioni alikuja kwa baiskeli, vumbi usoni. Warigia alikuwa ameketi jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Maitu, umeniona?"

"Hapana, baba."

"Hata kidogo?"

"Nimeona mbingu nyingi sana. Wewe sikukuona."

Kingori aliketi kwenye gunia la viazi. Ngendo, aliyekuwa amesimama mchana kutwa na mchanga katika meno, hakuweza kujizuia. "Ungeshuka kidogo tu. Kidogo. Nani angekuuliza kitu?"

"Mimi."

Kisha Warigia akatoa mguu mmoja kwenye maji na kuanza kuupangusa. "Na wewe umeniona?"

"Nimekuona, Maitu. Umesimama. Kulikuwa na vumbi, na ulikuwa umesimama."

"Basi mmoja wetu ameona," akasema. "Jumamosi ijayo uje tena."

Alikuja. Katika miezi ya kiangazi, kila Jumamosi hewa ilipokubali, alikuja, na kila Jumamosi, hewa ikikubali au isipokubali, Warigia alisimama kati ya ghala na mtaro kuanzia saa sita hadi saa tisa. Bomba lilizidi kuwa jembamba. Mwaka 1979 lilifunga kabisa. Nilidhani ataacha. Alibadilisha tu namna ya kusimama: aliweka mgongo kwenye nguzo ili ajue upande wa Mweiga, akainua uso huko. Watu waliokwenda sokoni walimsalimia, naye akaitikia bila kushusha kidevu. Kihara, na lazima nimpe haki yake, alianza kulima kipande kile kilichopakana nao mapema kila Februari, na alipoulizwa sababu alisema ni mambo ya magugu.

Kama siku yoyote kati ya zile, kabla bomba halijafunga, alimpata mwanawe hata kwa nukta moja, hakusema. Nilimuuliza mara moja. Alisema angalipenda sana iwe hivyo, lakini hakuna.

Alifariki Julai 1981, wakati wa ukungu, kwa homa ya mapafu. Tulimzika siku ambayo mtu hakuweza kuona ng'ombe wake upande wa pili wa boma. Kingori hakuruka kwa miezi miwili, kwa sababu ya hewa, alisema.

Septemba anga ilifunguka. Jumamosi ya kwanza yenye jua nilipita pale nikitoka kituo cha maziwa, nikamkuta hakwenda Mweiga. Alikuwa amesimama kati ya ghala na mtaro, mgongo kwenye nguzo iliyokuwa imelainika kwa miaka miwili ya mgongo mwingine, uso juu. Hapakuwa na kitu angani. Nikasimama karibu naye.

"Mwalimu," akasema baada ya muda, "shingo inauma."

"Nimeona."

"Sijamaliza hata robo saa."

Nilimwambia akae kwenye kigoda, Ngendo alikuwa bado nacho. Akatikisa kichwa. Upande wa shamba la Kihara vumbi lilianza kuzunguka, likainuka kidogo, likaanguka. Nilikuwa na daftari za kusahihisha nyumbani, lakini sikuondoka. Alisimama mpaka saa tisa kwa saa yangu, kisha akashusha uso, akashika shingo kwa mikono miwili, akaenda kuwafungulia ng'ombe.